Ugonjwa wa Chikungunya: Jinsi Kijidudu Kinavyobadilika na Kusafiri

(Haya ni maneno ya hotuba juu ya afya, yaliyoandikwa ili yasomwe barazani na nyumbani pia. Msomaji aliye na jirani asiyejua kusoma aombwa amsomee.)

Nimeombwa niseme nanyi juu ya ugonjwa uitwao Chikungunya. Wako watu wa Lamu, wa Mombasa na wa Mandera wasiohitaji kuambiwa ugonjwa huu ni kitu gani, kwa maana wameujua kwa viungo vyao wenyewe. Hao watanisamehe nikianza kwa kuueleza kwa ajili ya wengine.

Mtu huumwa na mbu mchana, akasahau. Zapita siku 3 hata 7, kisha hushikwa na homa kali ghafula. Kichwa humwuma, mwili waweza kutoka vipele, na vifundo vya mikono na miguu, pamoja na magoti, huuma hata akashindwa kusimama wima. Homa yenyewe aghalabu huisha katika muda wa juma moja, lakini maumivu ya viungo huweza kukaa kwa wengine miezi mingi, na hata miaka. Si ugonjwa unaoua wengi. Hata hivyo watoto wachanga, wazee, na wenye maradhi mengine wamo hatarini. Na hata yule asiye hatarini, ikiwa ni mvuvi asiyeweza kuvuta wavu, au mama asiyeweza kushika mchi, nyumba yake itaona njaa.

Lakini sikuja kuzitaja dalili tu. Nataka kueleza jinsi ugonjwa uliopewa jina lake na wakulima wa kusini mwa Tanganyika ulivyopata kuzunguka karibu nchi zote za joto duniani. Jinsi kijidudu chake kilivyobadilika njiani. Na kwa nini mambo hayo makubwa yanahusu kifuniko cha mtungi wa maji ulioko nyumbani kwako.

JINA LATOKA NEWALA

Mwaka 1952 na 1953 homa ngeni iliwashika watu wa Wilaya ya Newala, katika uwanda wa juu wa Wamakonde. Nyumba moja hata nyingine watu walikuwa wamelala, na waliojaribu kutembea walikwenda wameinama. Daktari Marion Robinson aliandika dalili za wagonjwa; Daktari W. H. R. Lumsden alichunguza namna ugonjwa ulivyoenea na mbu waliouchukua; naye R. W. Ross akakipata kijidudu chenyewe. Maandishi yao yalipigwa chapa mwaka 1955 na 1956. Lakini jina hawakulitunga wao. Walilisikia kwa wagonjwa, nalo kwa Kimakonde laeleza kitu kinachompinda mtu.

Lumsden aliona jambo moja linalostahili kukumbukwa. Juu ya uwanda ule maji ni ya shida, yakabidi yaletwe kutoka mbali na kuwekwa akiba ndani ya nyumba. Katika maji hayo ya akiba ndimo mbu walimozaliwa. Basi tangu mwanzo wa habari zake zilizoandikwa, ugonjwa huu haukuwa ugonjwa wa kinamasi wala wa mto, bali wa maji yaliyowekwa na mwanadamu mwenyewe.

BARUA ISIYO NA MSAHIHISHAJI

Sasa tukitazame kijidudu hiki, ambacho wataalamu hukiita kirusi. Kirusi si mdudu mwenye mdomo na miguu. Chafanana zaidi na barua iliyotiwa katika bahasha. Barua hiyo imeandikwa kwa aina 4 tu za herufi, na urefu wake ni herufi zipatazo 11,800. Ndani yake mna amri moja kubwa: ninakili. Kirusi kikiingia katika chembe ya mwili wa mtu au wa mbu, chembe hiyo huacha kazi zake na kuanza kuinakili barua ile mara maelfu, hata nakala zikatoka na kuziingia chembe nyingine.

Kila aliyefanya kazi ya ukarani ajua kwamba kunakili huleta makosa. Katika ofisi njema, karani wa pili huisoma nakala na kuisahihisha. Chembe za miili yetu nazo zina njia zao za kusahihisha zinapoinakili asili yetu wenyewe. Lakini kirusi cha Chikungunya hakina msahihishaji. Herufi hii huandikwa mahali pa ile, na nakala huendelea mbele na kosa lake.

Makosa mengi hukiharibu kirusi, nacho hupotea. Mengine hayana faida wala hasara. Mara chache sana, kosa moja hukipatia kirusi nafasi ambayo wenzake hawana, na hapo nakala zenye kosa hilo huzidi nyingine zote. Tusidhani ya kuwa kirusi kina akili, au kwamba hukaa kikifanya shauri. Hakuna shauri. Kuna makosa mengi, na kuna dunia inayochagua katika makosa hayo.

Tena kirusi hiki kina mabwana wawili. Ni lazima kiweze kuishi katika mwili wa mtu au wa nyani, na ni lazima kiweze kuishi katika mwili wa mbu, kipite tumboni mwake na kufika katika tezi za mate. Kosa linalompendeza bwana mmoja na kumchukiza wa pili halifiki mbali. Kwa sababu hiyo mabadiliko yanayodumu ni machache kuliko tungalivyotazamia.

Makosa hayo yana faida moja kwa wachunguzi. Tukiona nakala mbili za barua zenye kosa lile lile, mahali pale pale, twajua zimetoka kwa karani mmoja. Vivyo hivyo wataalamu huzisoma herufi za virusi vilivyotoka kwa wagonjwa wa nchi mbalimbali, wakapanga nasaba yao kama mzee apangavyo nasaba ya ukoo. Wameona koo kubwa 3: ukoo wa Afrika ya Magharibi, ukoo wa Afrika ya Mashariki, ya Kati na ya Kusini, na ukoo wa Asia. Asili ya wote ni Afrika, na ukoo wa Asia wenyewe ulitoka katika Afrika yetu hii. Ulijulikana Bangkok mwaka 1958, na Calcutta mwaka 1963.

Hapa petu kirusi hiki kina ndugu yake. Mwaka 1959, kaskazini mwa Uganda, ilizuka homa ya viungo ambayo Waacholi waliiita O'nyong-nyong. Katika miaka michache ikawapata watu wapatao milioni 2, Kenya na Tanganyika zikiwamo. Virusi hivi viwili vyafanana sana, lakini ndugu huyu huchukuliwa na mbu wale wale wachukuao malaria, wanaouma usiku. Kumbe virusi viwili vya ukoo mmoja vyaweza kuchagua wachukuzi wawili mbalimbali kabisa. Na hapo ndipo kisa chetu kinapoanzia.

MBU WAWILI

Chikungunya huchukuliwa na mbu weusi wenye madoa meupe miguuni, wanaouma mchana, hasa asubuhi na kabla ya jua kuchwa. Wako wa namna mbili.

Wa kwanza jina lake la kitaalamu ni Aedes aegypti. Mimi nitamwita mbu wa nyumbani. Huyu ni mzaliwa wa misitu ya Afrika, ambako zamani alitaga katika matundu ya miti na kunyonya damu ya wanyama. Wengine wa jamaa yake wakajifunza kukaa na watu. Rabai, karibu na Mombasa, wachunguzi waliwaona wote wawili: weusi wanaokaa msituni, na wenye rangi ya hudhurungi wanaokaa majumbani. Mwaka 2014 wakaeleza kwamba wale wa majumbani wamebadilika hata katika kunusa, wakaipenda harufu ya mtu kupita ya mnyama. Mbu wa jamaa hii walivushwa bahari kwenda Amerika katika mapipa ya maji ya majahazi ya biashara ya watumwa, na leo wamejaa katika miji ya nchi za joto.

Wa pili huitwa Aedes albopictus, nami nitamwita mbu wa Asia. Ana mstari mmoja mweupe mgongoni, naye asili yake ni misitu ya Asia. Mayai yake hushika ndani ya mipira ya magari iliyokwisha kutumika, na kwa biashara ya mipira hiyo alifika Marekani na Italia katika miaka ya 1980 na 1990. Katika visiwa vya Bahari ya Hindi alikuwako tangu zamani.

Hata mwaka 2004, mchukuzi mkuu wa Chikungunya mijini alikuwa mbu wa nyumbani. Mbu wa Asia aliweza kuibeba, lakini kwa shida.

LAMU, NA HERUFI MOJA

Mwaka 2004 mvua zilikuwa haba pwani yetu. Watu wa kisiwa cha Lamu, kama watu wote wenye kiu, waliweka maji katika mitungi, mapipa na mabirika. Maji hayo yalikaa muda mrefu, kwa kuwa hakuna ajuaye lini atapata mengine. Mbu wa nyumbani wakazaliana humo. Katikati ya mwaka homa ilizuka, na wachunguzi walipopima damu za watu baadaye walikuta kwamba karibu watu 3 katika kila 4 kisiwani walikuwa wameambukizwa. Kabla ya mwaka kwisha ugonjwa ulikuwa Mombasa. Mwanzo wa mwaka 2005 ulikuwa Ngazija, na kutoka visiwa vya Komoro ukafika Réunion, kisiwa kilicho chini ya Ufaransa.

Huko Réunion kirusi kilikuta hali nyingine. Mbu wa nyumbani walikuwa wachache sana. Mbu wa Asia walikuwa kila mahali. Virusi vya kwanza vilivyopatikana kisiwani vilikuwa na maandishi yale ya zamani. Lakini kufikia mwisho wa mwaka 2005, karibu virusi vyote vilivyochunguzwa vilikuwa na badiliko moja katika protini ya bahasha, mahali pa 226, ambapo kiungo kiitwacho alanini kilikuwa kimeondoka na valini imekaa badala yake. Badiliko hilo latokana na herufi 1 tu kati ya zile 11,800.

Majaribio yaliyotangazwa mwaka 2007 yalionyesha maana yake. Kirusi chenye herufi mpya kilimwingia mbu wa Asia kwa urahisi mwingi kuliko cha zamani, kikafika upesi katika mate yake. Kosa la karani lilikuwa limefungua mlango. Zaidi ya watu 250,000 waliugua katika kisiwa chenye watu wapatao 770,000, na ugonjwa huu ukatajwa katika vyeti vya vifo zaidi ya 200. Pigo hilo liliwafundisha wengi wasiite Chikungunya ugonjwa mdogo.

Ajabu zaidi ni kwamba herufi hiyo haikubadilika mara moja tu. Huko Kerala, katika India, kirusi cha ukoo wetu kilipofika penye mbu wa Asia wengi, badiliko lile lile lilitokea peke yake. Likatokea tena huko Gabon. Ni kama maji yatafutayo mwanya: hayakuagana, lakini yote hutokea pale palipo wazi.

Mtu aweza kuuliza: ikiwa ndivyo, kwa nini ule ukoo wa Asia, uliokaa miaka mingi katika nchi ya mbu huyo, haukubadilika vile? Jibu lilitolewa mwaka 2011. Ukoo wa Asia una herufi nyingine tofauti, mahali pa 98 katika protini ile ile, nayo huizuia faida ya badiliko la 226. Hata ukibadilika haupati kitu. Basi historia ya ukoo hufungua njia moja na kufunga nyingine, kwa virusi kama ilivyo kwa watu.

BILA HERUFI MPYA

Kutoka huko safari zikazidi. Mwaka 2007 msafiri kutoka Kerala aliupeleka ugonjwa katika vijiji vya kaskazini mwa Italia, karibu na mji wa Ravenna, na watu zaidi ya 200 wakaugua, mbu wa Asia akiwa ndiye mchukuzi. Hapo Ulaya ikatambua kwamba homa ya nchi za joto yaweza kuambukizwa barazani kwake.

Mwishoni mwa mwaka 2013 ulionekana katika kisiwa cha Saint Martin, katika visiwa vya Karibi. Katika muda wa mwaka mmoja hivi, Amerika ikahesabu zaidi ya watu milioni 1 walioshukiwa kuugua. Mwaka 2014 ukoo wetu wa Afrika nao ulifika Feira de Santana, katika Brazil, ukitoka Angola.

Nawaomba mlizingatie hili. Kirusi kilichoingia Saint Martin kilikuwa cha ukoo wa Asia, ule uliofungiwa njia ya badiliko la 226. Hakikuhitaji herufi mpya. Kilimkuta mbu wa nyumbani katika miji yenye maji ya wazi, na watu ambao damu yao haikupata kuujua ugonjwa huu. Hayo matatu yalitosha.

Hata hapa kwetu ni hivyo. Mwaka 2016 ugonjwa ulizuka Mandera, na mwisho wa mwaka 2017 ukawa Mombasa tena. Virusi vilivyochunguzwa havikuwa na lile badiliko la Réunion. Mchukuzi alikuwa mbu wetu wa zamani, mzaliwa wa nchi hii. Na mwaka 2025 ugonjwa uliirudia Réunion kwa nguvu baada ya miaka mingi, ukazuka pia Foshan, kusini mwa China. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba mambo haya yamepita.

KAZI ILIYO MIKONONI MWETU

Hatuwezi kumzuia karani asikosee. Lakini twaweza kumpunguzia kazi. Kila mgonjwa ni ofisi ambamo nakala zisizohesabika zinaandikwa, na kila pipa lililo wazi ni kiwanda cha matarishi wa kuzipeleka. Nakala zikipungua, makosa nayo hupungua, na nafasi ya kosa baya kupata njia hupungua pia.

Wengi wetu tumezoea kusema kwamba mbu huja na mvua. Kwa mbu wa kinamasi ni kweli. Kwa mbu wa nyumbani, ukame nao ni hatari, kwa sababu ndio wakati watu wawekapo maji mengi na kuyakalisha. Tena mayai yake, yaliyogandamana ukingoni mwa pipa, huweza kukaa makavu kwa miezi mingi, kisha yakaanguliwa siku ya kutiwa maji. Haitoshi kumwaga, yapasa kusugua.

Sisemi watu wasiweke maji. Mwenye kusema hivyo hajapata kuamka akakuta bomba limekauka. Na ni haki kusema kwamba dawa kubwa kupita zote ni maji ya bomba yasiyokatika, jambo ambalo mwenye nyumba hawezi kulitenda peke yake. Lakini wakati tukilidai na kulingoja, haya twayaweza:

Kwanza, kila chombo cha maji kifunikwe, kwa kifuniko kisichoacha nafasi, au kwa kitambaa kilichofungwa vizuri kwa kamba.

Pili, mara moja kila juma vyombo vimwagwe na kusuguliwa ndani. Yai la mbu huchukua kama juma moja au zaidi kidogo kuwa mbu mwenye mabawa, tukimtangulia, hatazaliwa.

Tatu, vifuu, makopo na mipira ya magari iliyotupwa nyuma ya nyumba iondolewe au itobolewe. Mbu huyu haruki mbali. Anayekuuma aghalabu amezaliwa kwako au kwa jirani yako. Kwa sababu hiyo nyumba moja safi kati ya kumi chafu haisaidii sana. Kazi hii ni ya mtaa mzima.

Nne, mgonjwa alazwe ndani ya chandarua hata mchana, hasa katika juma la kwanza. Chandarua hicho chawalinda watu wengine, kwa kuwa mbu asiyemfikia mgonjwa hana cha kupeleka.

Tano, mwenye homa aende zahanati apimwe, kwa maana malaria na homa ya dengi hufanana na ugonjwa huu mwanzoni. Hakuna dawa inayokiua kirusi hiki. Mgonjwa hupewa mapumziko, maji ya kunywa kwa wingi, na parasetamoli. Asipewe aspirini mpaka ijulikane kwamba si dengi, kwa kuwa yaweza kumtoa damu.

Juu ya chanjo, ya kwanza iliidhinishwa Marekani mwaka 2023. Lakini mwaka 2025 idhini yake huko ilisimamishwa kwa sababu ya madhara makubwa yaliyoonekana kwa baadhi ya waliochanjwa. Uchunguzi haujakoma, na nyingine zimetengenezwa. Lakini asiwepo mtu wa kuacha mtungi wake wazi kwa kungoja sindano.

Mabibi na Mabwana, wahenga walisema: mdharau mwiba mguu huota tende. Herufi moja ni ndogo kuliko mwiba, na mbu si mkubwa kuliko punje ya mtama; lakini viwili hivyo vimewalaza watu kutoka Newala hata Brazil. Ukubwa wa jambo usitutie hofu, wala udogo wake usitutie uvivu. Wataalamu wataendelea kuzisoma herufi. Kufunika maji ni kazi yetu, nasi twaweza kuianza leo jioni kabla giza halijaingia.